Simon Kimbangu: miaka 30 ya buloko hapa Katanga, na Mungu asiyesahau

Katika gazeti letu hili tumezoea kuleta maisha ya mtu aliyetutangulia, ili kila mmoja aone kama njia tunayopita sisi, wengine waliipita mbele yetu. Mara hii tumechagua mtu ambaye kila Mukongomani anajua jina lake. Lakini hapa kwetu Kolwezi wachache wanakumbuka kama karibu nusu ya maisha yake aliimaliza mu Katanga, tena si katika nyumba yake, ila mu buloko. Ni Simon Kimbangu.

Tumemchagua juu ya swali moja ambalo linarudi kila mara katika mikutano ya vikundi. Kama Mungu ni mwaminifu, juu ya nini tuliteswa vile? Kuna wale kati yetu waliokimbilia Angola wakati wa vita vya 1977 na 1978. Kuna waliokaa miaka katika kambi za Zambia. Kuna wale ambao mu mwaka wa 1992 na 1993 walifukuzwa Kolwezi na Likasi, wakalala ku gare na watoto na vyombo, kungojea gari la moshi la kwenda Kasai, inchi ambayo wengine hawakuwa wameiona hata siku moja. Wote walikuwa wanaomba. Wengine walirudi, wengine wakazikwa njiani. Na tuliporudi, wengi walikuta nyumba ina mwenyewe mwingine, kazi hakuna, shamba limekuwa mgodi.

Kwa swali hilo kuna jibu moja linalotembea sana mu makanisa na mu mitaa yetu: kama uliteswa, ni kwa sababu imani yako ilikuwa kidogo. Jibu hilo limeumiza watu wengi. Limefanya wamama waliopoteza watoto wajione kama ni wao waliowaua. Limefanya wengine waache kuja ku mikutano, na wengine watoe feza yao ya mwisho kwa waombaji wanaoahidi kufungua njia mbio mbio. Maisha ya Kimbangu yanaweza kutusaidia hapa, kwa sababu hakuna mtu anayeweza kusema kama imani yake ilikuwa kidogo. Na hata vile, mlango wa buloko haukufunguka.

Tuseme neno moja mbele ya kuanza. Katika ushirika wetu kuna Wametodisti, Wakatoliki, watu wa Garenganze, Wapentekoste, Wakimbangu, na Waislamu pia. Tunajua kama makanisa hayapatani juu ya yale ambayo Wakimbangu wanafundisha juu ya mtu huyu. Hatuingii katika mabishano hayo. Tunaeleza maisha yake, basi.

Mtoto wa Nkamba

Simon Kimbangu alizaliwa Nkamba, kijiji cha Wakongo katika Bas-Congo, leo jimbo la Kongo Central. Kanisa lake linashika tarehe 12 Septemba 1887. Mama yake alikufa angali mtoto, na shangazi yake Kinzembo akamlea. Kwa hiyo tangu mwanzo alijua ni nini kulelewa na mikono isiyokuwa ya mama aliyekuzaa. Kati yetu wengi wamelelewa vile, na wengi wanalea vile mpaka leo.

Ile wakati inchi ilikuwa mikononi mwa Leopold II, na kutoka 1908 ikawa koloni ya Ubelgiji. Wamisionari wa Kibatisti kutoka Uingereza walikuwa na misioni ku Ngombe-Lutete, karibu na Nkamba. Kimbangu alisoma kwao, akajua kusoma Biblia katika lugha yake. Mu mwaka wa 1915 alibatizwa pamoja na bibi yake, Marie Muilu. Walipata watoto watatu wanaume: Kisolokele, Dialungana na Diangienda. Akawa katekista. Hakuwa pasta, hakuwa na shule kubwa. Alikuwa mtu wa mugini, mwenye kulima, mwenye kufundisha Neno.

Mwito aliokimbia

Mu mwaka wa 1918 mafua makali yaliyoua watu dunia nzima yalifika mpaka Kongo. Ni katika siku zile za vifo, wanaeleza, ndipo Kimbangu alianza kusikia mwito wa kuchunga kundi la Mungu. Alikataa. Alijiona hana elimu ya kutosha kwa kazi ya namna ile. Mwito uliporudi tena na tena, akaacha mugini na kwenda Kinshasa, iliyoitwa Léopoldville, kutafuta kazi sawa vijana wengi.

Tunapenda sehemu hii ya maisha yake, kwa sababu wakati tunasema juu ya watu wa imani tunawafanya kuwa sawa chuma, kama vile hawakuogopa hata siku moja. Kimbangu aliogopa. Alikimbilia mu mji mkubwa, akafanya kazi ya mikono, na mwito ukamfuata kulekule. Mwisho akarudi Nkamba. Hakurudi na mali. Alirudi sawa vile wengi wanavyorudi, na mikono mitupu, na jambo moja tu mu moyo ambalo halikumwacha.

Miezi mitano

Tarehe 6 Aprili 1921, ku kijiji cha Ngombe-Kinsuka, Kimbangu aliingia katika nyumba ya mwanamke mgonjwa, jina lake Nkiantondo. Akamwekea mikono, akaomba kwa jina la Yesu, na mwanamke akapona. Ni hivyo walivyoshuhudia wale wa kwanza. Habari ikatoka kijiji mpaka kijiji. Katika siku chache watu walianza kumiminika Nkamba, wagonjwa wakibebwa mu machela, vipofu wakiongozwa na watoto.

Alichofundisha kilikuwa wazi. Watu watupe dawa za uchawi na sanamu zao. Mwanaume awe na bibi mmoja. Waache ngoma na michezo ya aibu. Wamuombe Mungu mmoja kwa jina la Kristo. Haya yote wamisionari walikuwa wamefundisha miaka na miaka na matunda kidogo. Sasa watu wenyewe walikuwa wanachoma sanamu zao bila mtu kuwasukuma.

Lakini watu walipoenda Nkamba, waliacha kazi. Mashamba ya wazungu yakapungukiwa na wafanyakazi, kazi ya reli ya Matadi ikapungukiwa, lopitali za misioni zikabaki na vitanda vitupu. Serikali ikaogopa. Mtu mweusi ambaye maelfu wanamsikiliza, bila ruhusa ya muzungu yeyote, alikuwa hatari machoni mwao, hata kama mkononi hana kitu, ila Biblia. Mwezi wa Mei msimamizi wa Thysville, Léon Morel, alienda Nkamba kujionea mwenyewe. Tarehe 6 Juni alirudi na askari kumkamata. Kukawa fujo, na Kimbangu akawaponyoka.

Miezi mitatu alijificha mu vijiji, na watu hawakumtoa. Serikali ya kijeshi ikatangazwa, askari wakapita mu vijiji, na watu wengi wakakamatwa juu yake. Mwisho, tarehe 12 Septemba 1921, yeye mwenyewe alirudi Nkamba, akajitoa mikononi mwa askari. Kutoka 6 Aprili mpaka siku ile ni miezi mitano na siku chache. Kazi yake yote ya wazi katika dunia hii ilikuwa miezi mitano. Muikumbuke hesabu hiyo, tutairudilia.

Hukumu

Alihukumiwa ku Thysville, leo Mbanza-Ngungu, mbele ya baraza la askari lililoongozwa na komanda de Rossi. Hakupewa wakili wa kumtetea. Walimshitaki kama anaharibu usalama wa Serikali na anachochea watu juu ya wazungu. Tarehe 3 Oktoba 1921 hukumu ilitoka: fimbo 120, kisha kifo.

Hapa kuna jambo ambalo hatupendi kuliruka. Wamisionari wa Kibatisti hawakukubali kazi ya Kimbangu, lakini waliandika kuombea uhai wake. Mwezi wa Novemba mfalme Albert I wa Ubelgiji alibadilisha hukumu, kifo kikawa kifungo cha maisha. Kumbe mtu anaweza asikubaliane na wewe katika mafundisho, na bado akasimama usiuawe. Katika ushirika kama wetu, wenye makanisa mengi na kabila nyingi, tunahitaji watu wa namna ile.

Kisha wakamleta Katanga. Kutoka Mbanza-Ngungu mpaka Lubumbashi, kama ungeruka sawa ndege, ni kiasi cha kilometa 1.500. Ile wakati hata reli ya kuunga Katanga na Ilebo ilikuwa haijaisha. Iliisha mu mwaka wa 1928. Walimpeleka mbali na lugha yake, mbali na bibi yake, mbali na kila mtu aliyejua jina lake. Walitaka asahauliwe.

Miaka 30

Tufanye hesabu pamoja. Aliingia katika buloko ya Lubumbashi, yaani Elisabethville, akiwa mwanaume wa miaka 34. Alikufa tarehe 12 Oktoba 1951, angali mfungwa, mwenye miaka 64. Ni miaka 30. Nelson Mandela, ambaye dunia nzima inamsifu kwa uvumilivu, alifungwa miaka 27.

Ili tuelewe urefu wa miaka ile, tuangalie yaliyotokea hapa kwetu wakati yeye yuko ndani. Alipofika, Kolwezi haikuwa mji bado. Union Minière ilikuwa inachimba shaba huku na kule, ikitafuta wafanyakazi mpaka mbali. Ikaja shida kubwa ya uchumi ya 1929 na miaka iliyofuata, bei ya shaba ikaanguka, na kampuni ikarudisha maelfu ya wafanyakazi kwao. Mu mwaka wa 1937 mji wa Kolwezi ukaanzishwa. Ikaja vita kubwa ya pili. Tarehe 9 Desemba 1941, mu Lubumbashi hapohapo, wafanyakazi waliogoma kudai mshahara walipigwa risasi na askari, makumi wakafa. Vita ikaisha. Wankambo wetu wakaoa, wakazaa, wakazeeka katika kambi za wafanyakazi. Miaka hiyo yote, mtu mmoja wa Nkamba alikuwa nyuma ya ukuta mu Lubumbashi. Hakumuona tena bibi yake.

Hatutaki kumpaka rangi. Hatuwezi kusema kama kila asubuhi aliamka na furaha, wala kama hakulia. Miaka 30 ni miaka 30. Mtu aliyekaa hata mwaka mmoja katika kambi ya wakimbizi anajua kama siku zinaweza kuwa nzito sawa jiwe, na maombi yakawa maneno mawili tu, tena siku zingine hata mawili hayatoki. Tunachoweza kusema ni hiki: hakuna mlango uliofunguliwa kwa muujiza, sawa ule wa Petro katika Matendo ya Mitume. Yule ambaye wagonjwa waliponea mikononi mwake alikufa mgonjwa, mikononi mwa wale waliomfunga.

Kwa hiyo wandugu, kama uaminifu wa Mungu ni lazima mtu atoke katika shida mbele ya kufa, Kimbangu aliachwa. Na kama yeye hakuachwa, basi uaminifu wa Mungu ni kitu kingine, kikubwa kuliko kutoka mbio.

Waliobaki inje

Ili tuone kitu hicho, ni lazima tutoke mu buloko na tuangalie inje.

Wa kwanza ni mama Marie Muilu. Alipobaki, alikuwa mwanamke wa kijiji mwenye bwana aliyehukumiwa kifo, na Serikali ikimchunga kila siku. Mtoto wake Kisolokele alichukuliwa angali kijana mdogo, akapelekwa Boma. Angeweza kusema kazi imeisha. Hakusema vile. Miaka 38, kutoka 1921 mpaka kufa kwake, alishika kundi kwa siri. Watu walikuja usiku, akawaombea, akawashauri, akawatuma. Mchana alilima sawa wamama wengine. Watu wakisema juu ya Kimbangu, mara nyingi wanaruka jina la mama huyu. Sisi tunasema wazi: bila yeye, habari ingekuwa imekufa mu mwaka wa 1921.

Wa pili ni wale waliohamishwa kwa nguvu. Serikali ilikuwa na sheria ya kuondoa mtu na jamaa yake katika inchi yake na kumtupa katika jimbo lingine, hata bila kumfunga. Kanisa la Kimbangu linahesabu jamaa 37.000 zilizotupwa vile katika miaka 38. Walipelekwa Oshwe, Ekafera, na Lowa, ambayo iko kando ya mto wetu huu wa Lualaba, mbali chini kupita Kindu. Hata hapa katika jimbo letu, ku Kasaji, ku njia ya Dilolo, Serikali ilikuwa na kambi la watu iliowaita hatari. Wale tunaopita Kasaji leo tukielekea mpaka wa Angola, tujue kama tunapita mahali ambapo wengine walihesabu miaka.

Sasa muangalie jinsi mambo yalivyogeuka. Mu mwaka wa 1921 kazi ya Kimbangu ilikuwa jambo la Wakongo peke yao, kati ya Matadi na Kinshasa. Serikali ilifikiri ikitawanya watu, moto utazimika. Lakini kila jamaa iliyotupwa mbali ilienda na wimbo wake na maombi yake. Watoto walizaliwa katika inchi za Kiswahili, za Kilingala, za Kimongo. Majirani waliwaona wakilima, wakizika wafu wao kwa heshima, wakikataa kulipiza kisasi. Nyuma ya miaka 30 habari ilikuwa imefika katika majimbo yote ya Kongo, na ni Serikali yenyewe iliyolipa nauli. Waliotaka kuzima moto njo waliobeba makaa.

Hatusemi kama mateso yalikuwa mazuri. Kutupwa mbali ni ubaya, na anayemfanyia mwingine vile atajibu mbele ya Mungu. Tunasema tu kama ubaya haukuweza kufika pale ulipotaka.

Kurudi

Kutoka katikati ya miaka ya 1950, watoto wa Kimbangu na wazee walianza kutoka wazi. Joseph Diangienda, yule mdogo, aliyekuwa karani wa Serikali, akapanga watu. Mu mwaka wa 1957 wakubwa 600 wa kundi waliweka majina yao kwa barua ya kwenda kwa gavana mkuu Pétillon. Walisema wamechoka kukamatwa mmoja mmoja. Kama kuomba Mungu ni kosa, basi Serikali iwakusanye wote ku uwanja wa michezo iwaue kwa mara moja. Hawakushika silaha, hawakuchoma nyumba. Serikali haikuwa na jibu. Polepole mateso yakalegea, na waliotupwa mbali wakaanza kurudi.

Wasomaji wetu wanajua kurudi ni nini. Aliyeondoka kijana alirudi mzee. Aliyezaliwa Lowa alikuwa anarudi mahali ambapo hakuwa amepaona. Wengine walirudi bila baba, bila mama, na kaburi likabaki nyuma katika pori la watu wengine. Furaha na kilio vilikaa katika nyumba moja.

Mama Marie Muilu alifariki tarehe 27 Aprili 1959. Tarehe 24 Desemba mwaka uleule, Serikali ya Ubelgiji ilitambua kanisa kwa sheria. Miezi nane ilimpita. Naye pia alifanya kazi yote na hakukula siku ya karamu.

Kisha mu mwaka wa 1960, mwezi wa Aprili, miezi michache mbele ya uhuru, mwili wa Simon Kimbangu ulitolewa katika udongo wa Lubumbashi ukapelekwa Nkamba. Wale wanaosoma Biblia watakumbuka Yosefu, aliyekufa Misri akiwa ameagiza mifupa yake isiachwe kule, na vizazi vikapita, na siku ya kutoka Waisraeli wakaibeba. Kimbangu hakurudi kwa miguu yake. Alirudishwa na mikono ya wale aliowatumaini, ambao wengi wao walikuwa watoto wadogo au hawajazaliwa siku ile alipofungwa.

Mu mwaka wa 1969 kanisa lake lilipokelewa katika Baraza la Makanisa ya Ulimwengu. Mu mwaka wa 2011 baraza kuu la askari la inchi yetu lilifuta ile hukumu ya Thysville, miaka 90 nyuma yake. Na kutoka 2023, tarehe 6 Aprili ni siku ya pumziko katika Kongo yote. Jina walilotaka kulisahaulisha, leo linafunga ofisi na shule za inchi nzima kila mwaka.

Tunashika nini sisi?

Tuirudilie ile hesabu. Miezi mitano ya kazi, miaka 30 ya kungojea. Mtu anayepima kwa macho atasema maisha yale yalipotea. Lakini ile miezi mitano haikupotea, kwa sababu kulikuwa na watu walioishika wakati mwenyewe hawezi tena. Kwa maoni yetu, ni hapo uaminifu wa Mungu unaonekana. Mungu hakumwacha Kimbangu, na alama yake ni wale watu: mwanamke aliyelima mchana na kuombea wengine usiku, jamaa zilizoimba mu pori, vijana waliobeba sanduku kutoka Lubumbashi. Mara nyingi uaminifu wa Mungu una mikono ya watu.

Kwa hiyo kwanza, tuache kumpima ndugu kwa mateso yake. Anayekuambia kama ulifukuzwa au ulipoteza mtoto juu ya imani kidogo, muulize kwa upole kama Kimbangu pia alikuwa na imani kidogo. Na wale wanaouza maombi ya kufungua njia, tuwaambie wazi kama feza ya kikundi ni ya shule, dawa na mazishi.

Ya pili, kutumaini Mungu si kukaa na kuangalia mbingu. Mama Marie alitumaini na jembe mkononi. Likelemba yetu, hata kama mchango ni mdogo. Ile zamu ya kulala ku lopitali na mgonjwa asiye na jamaa. Kumwandikisha mtoto wa jirani ku masomo: hivyo njo mikono ambayo mwingine anaingojea wakati anaomba.

Ya tatu, tusishike kisasi. Kati yetu kuna waliofukuzwa na watu wanaokutana nao kila siku ku soko. Hatusemi wasahau. Mahali penye haki ya kudai, nyumba au kiwanja, tudai, kwa karatasi na kwa mashahidi, sawa wale 600 walivyodai kwa barua. Hata sasa kuna mitaa ya Kolwezi ambapo watu wanaambiwa kuhama tena juu ya mgodi, na wengine wao ni wanachama wetu. Wasiende peke yao. Barua yenye majina mengi ina nguvu kuliko kilio cha mtu mmoja mlangoni.

Ya nne, tukumbuke waliobaki njiani. Tunapendekeza kila kikundi kiwe na daftari ya majina: nani alikufa, wapi, mwaka gani, alizikwa upande gani. Wenye makaburi Zambia, Angola, ao kando ya reli ya Kasai, wengi hawataweza kuleta mifupa. Lakini jina linaweza kurudi. Wazee wanaojua wanapungua kila mwaka, na wakienda wanaenda na habari yote. Tuanze mwezi huu, mbele ya mvua.

Na kwako ndugu, dada, ambaye bado uko ndani ya miaka yako 30, ambaye umeomba na mlango haufunguki: hatuna siku ya kukuahidi. Tunaweza kukuambia tu kama wewe si wa kwanza, hukuachwa, na kiti chako katika mkutano kiko. Kama umechoka kuomba, njoo ukae; sisi tutaomba siku hiyo kwa ajili yako, na siku nyingine wewe utaomba kwa ajili yetu.

Mungu awabariki wote, na mukae salama.